Mwaka wa Lita Mbili

Yaya Gaston alikuja kunitembelea mwezi wa nane akitokea Sakania, na jambo la kwanza alilofanya baada ya kuweka begi chini lilikuwa kuvilalamikia viti vyangu. Alisema ni laini mno, mtu mzima akikaa humo itabidi avutwe na wajukuu. Kwetu Lubumbashi yaya ni ndugu aliyekutangulia kuzaliwa, na huyu wangu alinitangulia kwa miaka kumi na mmoja, kwa hiyo amezoea kunikosoa tangu sijaota meno. Tulikuwa hatujaonana miaka minne. Tulikula, tukapeana habari za watu, nani kaoa, nani kahamia Ndola, na katikati ya maneno binti yangu wa mwisho, ambaye hajui kunyamaza, akamwuliza mjomba wake kwa nini kope la jicho lake la kulia limeshuka kidogo kuliko la kushoto. Yaya akanitazama mimi. Akamwambia amwulize mama yake, kwa sababu mama yake ndiye aliyekuwa ameshika ufunguo. Binti hakuelewa, na mimi nikaondoka kwenda kuosha sahani ambazo zilikuwa zimeshaoshwa. Kesho yake, yaya alipokwenda mjini kutafuta vipuri vya simu anazotengeneza, nilichukua daftari nikaanza kuandika. Mwaka huu nimetimiza hamsini. Nimekuwa muuguzi zaidi ya nusu ya maisha yangu, na ule mwaka sijawahi kuusimulia wote kwa mtu yeyote.

Nilikuwa na miaka ishirini. Papa, baba yetu, alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla, na mimi nilihamia kwa yaya, mtaa wa Katuba, huku nikingoja nafasi katika shule ya wauguzi. Alikuwa na vyumba viwili mwisho wa lupango, ule ua ambao nyumba nne zilichangia bomba moja la maji. Hakuwa ameoa. Chumba cha mbele kilikuwa karakana yake: redio zilizofunguliwa tumbo, nyaya za rangi, harufu ya risasi ya kuchomelea, na meza moja tu ambayo ilikuwa ya kazi na ya kulia chakula pia. Nilipopakua nilisukuma redio upande, na mara nyingine skurubu ilikutwa kwenye mboga, naye aliitoa mdomoni, akaitazama, akasema ndiyo hasa aliyokuwa akiitafuta tangu asubuhi. Tulikula saa saba na nusu, bila kukosa: bukari, ugali wetu, yenye moshi, na mboga ya sombe au lengalenga, Jumapili samaki wadogo wa kukausha. Yaya alikuwa mtu wa kula polepole na kusema sana. Alijua habari za dunia nzima kutoka katika redio za wateja, na akizirudisha redio, watu walilalamika kwamba betri zimekwisha. Nilimpenda mno, na nilidhani hajui, kwa sababu nilikuwa nikimgombeza kutwa.

Maumivu yalianza mwanzo wa mwezi wa tisa, joto lilipokuwa limeshika na mvua bado haijafikiria kuja. Tulikuwa tumemaliza kula. Yaya akaweka kidole chini ya nyusi ya kulia, akanyamaza katikati ya sentensi, na huyo hakuwa mtu wa kunyamaza katikati ya sentensi. Ilikuwa saa nane na robo. Kabla sijatoa sahani mezani jicho lake la kulia lilikuwa jekundu na linatiririka machozi, pua ya upande huo ilikuwa inachuruzika, kope limeshuka, jasho linatoka kwenye paji la uso upande mmoja tu. Akasimama. Akaenda mpaka ukutani, akarudi, akatoka uani, akazunguka bomba, akarudi ndani, akakaa, akasimama tena. Alijipiga kwa ngumi pembeni mwa kichwa kama mtu anayegonga mlango wa nyumba yake mwenyewe. Nilimwuliza ni nini, akasema kuna kitu kinachosukuma jicho kutoka ndani. Baada ya saa moja na kidogo kikaondoka chenyewe, akakaa kizingitini, amelowa, ananiomba msamaha. Kesho yake saa nane na robo kikarudi. Na siku iliyofuata, na iliyofuata.

Katika lupango hakuna ugonjwa wa mtu mmoja. Moshi wa risasi, alisema mmoja. Meno, alisema mwingine, na yaya akaenda kung'olewa gego la juu, halafu la pili, akarudi na shavu limevimba na maumivu yakamfuata saa nane na robo yakamkuta na pengo. Wengine walitazama saa, wakaona kwamba yanakuja baada ya chakula, na wakanitazama mimi ninayepika. Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa Mama Kapinga, mama wa Kikasai aliyeuza unga mbele ya geti, mkarimu kupita kiasi, mwenye sauti ambayo ukuta wa matofali haukuizuia. Aliniletea majani ya kunusisha, alileta watu wa sala kutoka parokia, na hao wakamlaza yaya kitandani kwa nguvu ya upendo, mmoja ameshika miguu, kwa sababu mgonjwa hulala na watu hukaa pembeni yake, ndivyo tunavyougua sisi. Yaya alivumilia dakika tano, halafu akawaponyoka wote wanne. Siku ile nilikuwa nachota maji nikamsikia Mama Kapinga akimwambia mwenzake upande wa pili, kwa ile sauti aliyoidhani ya siri: "Mugonjwa analalaka. Ule mwenye kutembea-tembea haiko na bugonjwa, iko na kitu ingine." Nilimwaga maji kwa makusudi ili wajue nipo. Hawakunyamaza.

Nilichojua mimi kwa kuambiwa na yaya, na wao hawakujua, ni kwamba haikuwa mara ya kwanza. Mwaka uliotangulia, majira yale yale, yalikuwa yamemshika miezi miwili mizima akiwa peke yake, halafu yakaondoka kama yalivyokuja, na yeye akanyamaza, akidhani yamekwisha. Sasa alikuwa anahesabu. Siku moja, baada ya shambulio, nilikuwa nampa maji ya kunawa uso, akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, ile aliyotumia kuwaambia wateja kwamba redio haitapona: "Mado, kama hii kitu inaenda miezi mbili sawa mwaka yenye kupita, miye sitafika ku Noël. Nakuambia juu usishituke." Sikumwuliza kwa nini hataiona Krismasi. Nilikuwa mtoto, lakini si mtoto kiasi hicho. Kuanzia siku ile, kila nilipokwenda sokoni nilirudi mbio, na wembe wake wa kunyolea ukawa unalala chini ya godoro langu.

Daktari aliyetusaidia nilimpata kwa ukaidi. Alikuwa na kachumba katika zahanati moja ya mjini, mwanamke kijana, mwembamba, mwenye viatu vya kiume, na wote walimwita Docteur Clémentine. Tulikaa kwenye benchi lake tangu asubuhi. Yaya alieleza habari ya jicho, pua, na saa, naye aliandika bila kuinua kichwa. Kisha akamwuliza swali ambalo hakuna mtu aliyekuwa ameuliza: wakati inaanza, unalala ao unatembea? Yaya akaona haya, akasema anatembea. Daktari akaweka kalamu chini. Akasema hakuna shetani hapo wala jino, kuna ugonjwa wenye jina refu la Kifaransa, algie vasculaire de la face, na watu wake wote wanatembea, hawawezi kulala, na mara nyingi unawajia kwa saa yake na kwa majira yake. Yaya akaniangalia. Sijui kama nimewahi kumwona mtu akifurahi namna ile kwa kuambiwa kwamba ni mgonjwa.

Alitueleza mengine kwa subira, na leo, nikiwa nimeyasoma na kuyafanya mwenyewe, naona alituambia vema. Vidonge vya maumivu tulivyokuwa tukinunua, hata vile vikali vya kulevya, havifai kwa shambulio la namna hii, kwa sababu vinapofika tumboni na kuanza kazi, shambulio limeshamaliza yake. Vya kuzuia yasije vipo, na atamwanzishia, lakini vinachukua wiki kadhaa. Kwa shambulio lenyewe mambo ni mawili. La kwanza ni sindano ya chini ya ngozi, sumatriptan, inayofanya kazi baada ya dakika kama kumi, isizidi mara mbili kwa siku, na asipewe mtu mwenye ugonjwa wa moyo. Haikuwepo katika famasi yoyote ya mji. Yeye alikuwa nayo moja, aliyoletewa na mwenzake kupitia Zambia. La pili ni oksijeni. Akampima yaya moyo, na kwa kuwa ilikuwa inakaribia saa nane akatuambia tusiondoke. Shambulio lilipoanza alimchoma ile sindano begani. Nilihesabu kwa saa ya ukutani. Dakika ya nane yaya aliacha kutembea. Dakika ya kumi na moja alikaa kwenye kiti, akafuta uso, akauliza kwa mshangao kama nje mvua imenyesha, kwa sababu alisikia harufu ya udongo. Haikuwa imenyesha. Walikuwa wamemwagilia tu maua. Lakini sindano ilikuwa moja, nayo imekwisha, na kilichobaki kilikuwa oksijeni.

Basi chupa ya oksijeni ikaja Katuba, ndefu karibu kunishinda mimi, imelazwa juu ya mkokoteni, wanaume wawili wanasukuma. Daktari alikuwa ameiazima kwa masista wa zahanati, irudishwe majira yakipita. Alikuja nayo mwenyewe akanionyesha kila kitu: ufunguo wa kufungulia, mshale wa kuonyesha kilichobaki ndani, na kibomba cha kioo chenye kigololi kinachopanda kuonyesha lita ngapi zinatoka kwa dakika. Barakoa ilikuwa na kifuko chini yake, kijazwe kwanza kabla ya kumvalisha. Mgonjwa akae, ainame mbele kidogo, avute pumzi kawaida, dakika kumi na tano mpaka ishirini, na aanze mara tu anaposikia linakuja, asingoje. Mbabula yangu, jiko la makaa, ihamie mwisho wa ua, na yaya asiwashe sigara wala chombo cha kuchomelea chumba kile kile. Akaandika kwenye karatasi, akaibandika ukutani: 12. Nikamwuliza, kumi na mbili? Akasema kumi na mbili, na isipotosha tupande kumi na tano. Halafu akaenda, ana wagonjwa wengine. Hakuwa amefika getini Mama Kapinga akaingia amejifunga kitenge kiunoni, ameshika mkeka, macho yamelowa. Akaangalia chupa, akaangalia yaya aliyekuwa amekaa anakula ndizi, akakaa chini sakafuni kama wanavyokaa wanawake kwenye kilio. Akaniuliza kwa upole: "Mulisha kutuma habari ku famille?" Nilimwambia yaya hafi. Akanishika mkono, akasema ndiyo mwanangu, ndiyo, kama mtu anayemkubalia mfiwa aseme anachotaka.

Wageni wanaosoma haya huenda wakacheka, lakini mimi sikucheka. Sisi ni watoto wa migodi. Katika nyumba zetu oksijeni ilikuwa neno la mwisho. Ukisikia kwa jirani kwamba baba wa watu "balimuweka oxygène", ulikwenda kuazima masufuria makubwa. Papa alikuwa amepiga mawe chini ya ardhi maisha yake yote, na vumbi lilikaa katika mapafu yake likageuka kuwa sehemu ya mwili. Miezi yake ya mwisho nilimwuguza mimi, hospitalini, chumba cha vitanda vinane, wote wazee wa vumbi, wote na mrija puani. Na kigololi cha wote kilisimama mahali pamoja: lita mbili. Siku moja mwana wa mzee wa kitanda cha tatu, kwa huruma, aliona baba yake anahema akampandishia. Muuguzi mkubwa, mama mzito aliyeogopwa na madaktari, alikuja mbio akaishusha, akatukusanya watoto wote wa wagonjwa, akatuambia nisichokisahau: mbili, haizidi mbili, ikizidi atalala na hataamka. Mzee wa kitanda cha tatu alilala siku ile ile, na kwa kweli hakuamka. Papa alikwenda baada ya wiki mbili, akiwa kwenye mbili yake, mkono wake mkononi mwangu.

Sasa niambieni ningefanyaje na karatasi ile ya ukutani. Kumi na mbili ilikuwa Papa mara sita. Nilimpenda Docteur Clémentine, lakini alikuwa kijana, na yule mama mzito alikuwa na mvi. Sikumwuliza, kwa sababu niliona haya kumwuliza daktari kama anakosea, na sikumwambia yaya, kwa sababu angesema fungua tu, hakuwa na hofu tena ya kufa, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Siku ya kwanza, saa nane na robo, akakaa ameinama, barakoa usoni, jicho limezama katika machozi, chupa iko nyuma ya mgongo wake. Nikazungusha ufunguo. Kigololi kikapanda mpaka mbili nikakizuia hapo. Kifuko cha barakoa kikanywea, hakikujaa. Baada ya dakika chache yaya akaing'oa barakoa, akasema inamnyima pumzi, akainuka kutembea. Na mimi, mjinga wa Mungu, nikajiambia: unaona, lita mbili tu inamkaba, ingekuwa kumi na mbili je?

Siku kumi na moja. Nimezihesabu mara nyingi kuliko nilivyohesabu kitu kingine chochote. Kila mchana nilimvalisha, nikafungua mbili, nikasimama nyuma yake nikisali asife, na yeye mbele yangu akiteseka saa nzima kwa sababu ya mkono wangu. Jumapili moja rafiki alimpa glasi ya bia kumliwaza, na nusu saa baadaye shambulio likaja la ziada, asubuhi, na la saa nane likaja pia, halikuacha zamu yake. Chakula changu kilianza kurudi sufuriani. Yaya alikaa mezani akitazama saa, na mimi nilikaa nikimtazama yeye, bukari ikipoa katikati yetu na kuota ngozi. Hakusema tena habari za dunia. Halafu akaanza kugawa vitu. Chombo chake kizuri cha kuchomelea alimpa kijana wa barabara ya pili aliyekuwa akijifunza kazi. Redio yake mwenyewe, ile kubwa, aliyokuwa haruhusu niifute vumbi, alimpelekea Mama Kapinga, na Mama Kapinga akaipokea akilia, akaificha chini ya kitanda, haiwashi. Nilimwuliza kwa nini amegawa. Akasema oksijeni ndiyo ilikuwa ya mwisho katika orodha ya daktari. Alisema hivyo bila uchungu, akinipangusa unga shavuni.

Siku ya kumi na mbili, kabla ya saa saba, Docteur Clémentine alikuja kubadilisha chupa, akidhani imekaribia kwisha. Nilikuwa mwisho wa ua, nasonga bukari. Nilimwona kupitia mlangoni akiinama kutazama mshale, ambao ulikuwa karibu haujashuka, akigonga kioo kwa kucha, akitazama tena. Akamwuliza yaya kama chupa inatumika. Kila siku, docteur, yaya alijibu, lakini mwili wangu umeikataa. Daktari akajinyoosha. Akatoka, akavuka ua, akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa karibu na mbabula, viatu vyake vya kiume kwenye majivu. Nilingoja anigombeze. Nilikuwa nimetayarisha uongo. Alitazama mwiko wangu kwa muda, akaniuliza: "Mado, kwenu ni nani balimuwekaka oxygène?"

Mwiko ulisimama katika bukari wenyewe. Nikamwambia yote, Papa, vitanda vinane, mama mzito, mzee wa kitanda cha tatu, na lita mbili zangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, bukari ikaungua chini. Akasema yule muuguzi alikuwa na haki. Mapafu ya vumbi, baada ya miaka, yanajizoesha kuishi kwa hewa kidogo, na ukiyapa nyingi kwa ghafla mwili unasahau kuhema. Papa alihitaji mbili, na waliompa mbili walimtunza vizuri. Lakini kifua cha Gaston ni kizima. Kwake oksijeni si ya kifua, ni dawa ya ule mshipa wa kichwa, na dawa ina kipimo chake, na kipimo chake ni kumi na mbili. Hukumpa kidogo, alisema, hukumpa kitu. Halafu akasema kosa ni lake pia, kwamba katika mji huu angepaswa kuuliza swali lile kabla ya kuleta chupa. Mpaka leo, kabla sijamvalisha mtu barakoa, nawauliza wa nyumbani kwake nani alikufa nayo, na wauguzi vijana wananiona mzee wa ajabu. Nilimwomba amwambie yaya. Akainuka, akakung'uta majivu, akasema hapana, hilo nitasema mimi, na yeye atarudi jioni.

Nilipakua. Tulikaa mezani kama kila siku, saa saba na nusu imepita, yeye hali, mimi sili. Nikasema nikiwa natazama mboga.

"Yaya, ile oxygène. Nilikuwa nafungula mbili."

"Mbili ya nini?"

"Lita mbili. Docteur aliandika kumi na mbili. Miye nilikuwa nafungula mbili tu, kila siku."

Aligeuka polepole, akasoma karatasi ya ukutani kama ndiyo kwanza imebandikwa. Nilisikia redio ya mtu mahali fulani, na Mama Kapinga akipiga bei na mteja. Nilitaka anipige. Hakuwahi kunipiga maisha yake yote, lakini siku ile nilitaka.

"Juu ya Papa?" akauliza.

"Juu ya Papa."

"Uliwaza utaniua."

"Ndiyo."

"Na sasa?"

Ningeweza kudanganya, daktari alikuwa ameshanieleza kila kitu. "Ningali nawaza vile."

Akaniangalia kwa lile jicho zima na lile la kope lililoshuka, na nikaona uso wake unalegea. "Basi utafungula na woga wako," akasema. "Miye sitafungula. Utafungula weye."

Saa nane na dakika kumi akaweka kidole chini ya nyusi. Hakungoja. Alikaa, akainama mbele, viwiko juu ya magoti. Nikazungusha ufunguo na kigololi kikapita mbili. Kilipofika tano mkono wangu ulikataa, nikaushika kwa mkono wa pili. Nane. Chupa ilitoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, kama mtu anayevuta hewa kwa meno. Kumi na mbili. Kifuko kikajaa, kikakaza, nikamvalisha. Nikapiga magoti mbele yake, nikashika kifundo cha mkono wake nikatafuta mapigo, kama nilivyofanya kwa Papa, na nikahesabu, si dakika bali kila pumzi, nikiingoja inayofuata. Dakika ya nne goti lake lilikuwa linacheza. Dakika ya tisa liliacha. Machozi ya jicho la kulia yalipungua, yakawa ya kawaida, na sikujua tena ni ya maumivu au ya kitu kingine. Dakika ya kumi na nne akaishusha barakoa shingoni. Aliinuka, akatembea hatua tatu mpaka mkekani, akajilaza kwa ubavu. Akalala.

Nilifunga ufunguo. Nilimtazama. Alikuwa hajalala mchana tangu mwezi wa tisa uanze, na hata usiku alilala kwa kurukaruka, lakini hayo nilikuja kuyafikiri baadaye. Pale nilisikia tu sauti ya yule mama mzito: atalala na hataamka. Nikamwita. Nikamwita tena. Nikamtikisa bega kwa mikono miwili, nikamtikisa kama gunia, mpaka akafumbua jicho moja, la kulia, limetulia, jeupe, linanitazama bila kelele.

"Mado," akasema, "acha nilale. Iliisha."

Akafumba. Nikakaa mezani mahali ambapo niliweza kuona ubavu wake ukipanda na kushuka. Ulipanda, ukashuka. Sikujua la kufanya na mikono, kwa hiyo nikaanza kula. Nilikula bukari yangu iliyopoa, ile iliyoungua chini, nikala sombe yote, halafu nikavuta sahani yake nikaimaliza, huku namtazama, tonge baada ya tonge, kila tonge pumzi yake moja. Mama Kapinga alichungulia mlangoni na mkeka wake, akamwona amelala kimya hivyo, akafunika mdomo. Nikamwonyesha kidole ubavu wa yaya. Alitazama muda mrefu. Akasogea karibu, akainama, akamsikiliza anavyokoroma, akaondoka kwa ncha za vidole, na baada ya dakika tano akarudi na redio kubwa mikononi, akaiweka juu ya meza, akaenda.

Yaya aliamka saa kumi na moja, nywele zimelala upande mmoja, akauliza kama hamna chakula.

"Hamuna," nikasema. "Nilikula yote."

"Na yangu?"

"Na yako."

Akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ukingo wa meza, na mimi nikaweka kichwa katikati ya sahani tupu nikalia, kwa sauti, kama sikuwahi kulia hata tulipomzika Papa. Akaniacha nilie. Kisha akatoka uani mwenyewe, akawasha mbabula, akaniita niende nimwonyeshe unga uko wapi.